Pumzi ya Mgeni Rasmi

Pale kwenye taasisi ya utafiti walimwita Bi Vumbi, na aliyembandika jina hilo alijua anachokisema. Mama huyu alikuwa anagombana na vumbi kama wengine wanavyogombana na majirani. Ukiingia maabara kwake na viatu vya nje, unarudishwa mlangoni mbele ya wenzako. Ukikohoa bila kugeuza uso, unapewa maneno ya kwenda nayo nyumbani. Hata aliyekuwa mume wake alifungasha virago akisema ameshindwa kuishi na mtu anayefuta kiti kabla mwenye kukikalia hajainuka vizuri.

Lakini haukuwa wazimu mtupu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza utando: ngozi ya kemikali iliyotandazwa juu ya kipande cha kioo, nyembamba kiasi kwamba ungelaza unywele pembeni yake, unywele ungeonekana gogo. Alikuwa anadondosha tone la dawa juu ya kioo kinachozunguka kwa kasi, tone linatawanyika mpaka linabaki tabaka moja lililo sawasawa, kisha anakipeleka kioo juu ya bamba la moto. Pale pale, mbele ya macho, rangi inageuka. Njano inakuwa kahawia, kahawia inakuwa nyeusi inayong'aa kama kiatu cha harusi. Utando ukishaiva namna hiyo, ukiumulika taa unatoa umeme. Si mwingi, lakini saa ya ukutani au rimoti ya televisheni ingeutumia na kusahau kama kuliwahi kuwa na kitu kinaitwa betri.

Adui mkubwa wa utando huo hakuwa vumbi, alikuwa unyevu. Kwa sababu hiyo kazi yote ilifanyika ndani ya sanduku la kioo lililojazwa gesi kavu, mikono ikiingizwa kupitia glavu ndefu za mpira. Utando ukitolewa nje bila kufunikwa, ukakutana na hewa yenye majimaji, unapauka. Weusi unakwenda, unabaki kioo chenye ukungu wa manjano. Utando wa hivyo Bi Vumbi aliuita mzoga. "Mzoga huo, tupa," alikuwa anawaambia wanafunzi, na mzoga unashikwa kwa kibanio na kwenda kwenye ndoo ya taka za sumu, wala hauangaliwi mara ya pili.

Watu pia aliwapanga hivyo hivyo. Kulikuwa na wachache walioiva, na wengine wote walikuwa wamepauka. Aliwadharau watu wa utawala kwa sababu walidhani utafiti unapikwa kama chai. Aliwadharau wenzake waliopenda safari za makongamano. Lakini dharau yake nzito kuliko zote, ile aliyoitunza na kuipalilia, alimwekea mtu mmoja ambaye hakuweza kumkwepa kazini wala nyumbani, maana alikuwa shemeji yake.

Shemeji huyu walimwita Kipaza, kwa kifupi cha kipaza sauti. Alikuwa na shahada sawa na ya Bi Vumbi, tena wa fani ile ile, ila hakuna binadamu aliyewahi kumwona amevaa glavu. Yeye alikuwa mtu wa ushirikiano na mawasiliano ya mradi, maana yake alivaa suti. Mdogo wake Bi Vumbi alikuja taasisini siku moja kumletea dada yake funguo alizosahau, akapotea kwenye korido, akamkuta Kipaza, akaelekezwa njia. Kuelekezwa huko kukaishia kwenye ndoa. Bi Vumbi hakuisamehe ile korido.

Kila Jumapili ukoo ulikutana kwa mama yao, na kila Jumapili ilikuwa yale yale.

"Mkwe wangu nimemwona kwenye televisheni," mama alianza, akimwongezea Kipaza chakula kabla hajaombwa. "Alivyokuwa anaeleza, hata mimi nimeelewa. Wewe nawe, mwanangu, mbona hatukuoni?"

"Mimi nilikuwa kazini, mama."

"Kwani yeye alikuwa wapi?"

Kipaza alicheka kile kicheko chake cha kuomba radhi ambacho hakikuomba radhi yoyote. "Mama, dada ndiye injini. Sisi wengine ni honi tu."

Mama na mke wake wakaona amesema jambo la unyenyekevu. Bi Vumbi akaona amesema kweli kwa bahati mbaya, akainamia sahani yake.

Basi yakaja maonyesho. Taasisi ilitakiwa kuonyesha mbele ya wafadhili, waandishi wa habari na mgeni rasmi kitu ambacho pesa zao zimezaa. Bi Vumbi aliandaa kifaa kizuri: utando mweusi uliofunikwa kwa kioo cha pili, kingo zake zimezibwa kwa gundi, na waya mbili zinazozungusha feni ndogo kama ua. Ukiwasha taa, feni inazunguka.

Kipaza akakigeuza geuza kifaa mkononi kama mtu anayechagua nyanya.

"Shemeji, hiki kimekaa kama kigae cha bafuni. Hii gundi ya nini? Kioo hiki cha juu kinarudisha mwanga, kamera hazitaona kitu. Toa kifuniko, watu wauone utando wenyewe."

"Ukitolewa kifuniko utapauka."

"Ukumbi una kiyoyozi."

"Utapauka, shemeji. Sababu yake naweza kukueleza, lakini tutakaa hapa mpaka wewe ustaafu na hutakuwa umeielewa."

Wanafunzi waliokuwa karibu wakajifanya wanasoma vipimo. Kipaza akatabasamu, maana kutabasamu ndiyo ilikuwa taaluma yake. "Wewe kazi yako kuogopa hewa. Nipe usio na kifuniko. Dakika chache tu, nani atakufa?"

Hapa Bi Vumbi alikuwa na nafasi ya kukataa. Maabara ilikuwa yake, saini ilikuwa yake. Angesema hapana, ingekuwa hapana. Badala yake alimtazama yule mwanamume na tai yake ya rangi ya zambarau, akaona picha nzima mbele yake: feni imesimama, kamera zinawaka, ule mdomo umekauka. Ilikuwa picha tamu.

"Chukua," akasema.

Siku ya maonyesho alivaa gauni lake la heshima, ambalo hulivaa kwa nadra, akakaa safu ya pili ili asikose kitu. Mama yake na mdogo wake walikuwa nyuma yake, wamealikwa na Kipaza, mama ameshika simu tayari kwa kumpiga picha mkwe wake.

Kipaza alisema. Alisema juu ya kesho, juu ya watoto wetu, juu ya mapinduzi. Aliuita utando "ngozi ya jua". Bi Vumbi alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Kisha taa ikawashwa, feni ikazunguka, watu wakapiga makofi, na mgeni rasmi akaalikwa jukwaani ajionee.

Mgeni rasmi alikuwa baba mnene, mpole, aliyepanda ngazi kwa shida na kufika juu akihema. Akainama juu ya kifaa mpaka pua ikakaribia kugusa. Pengine aliona alama ya kidole, pengine ilikuwa mazoea tu ya mtu wa miwani. Akafungua kinywa na kuupulizia utando, "Haaa," pumzi ndefu ya joto, kama unavyopulizia lenzi, na tayari mkono wake ulikuwa umeshika ncha ya tai ili apanguse.

Kipaza aliuwahi ule mkono. Pumzi hakuiwahi.

Weusi ukaondoka. Ulianzia katikati, ukapanuka kuelekea pembeni kama doa la maji kwenye shuka, na kwenye skrini kubwa ya ukumbi kila mtu aliona. Feni ikapunguza mwendo, ikatikisika, ikasimama. Mkurugenzi wa taasisi, aliyekuwa pembeni ya jukwaa, akaitazama safu ya wafadhili. Mgeni rasmi akageuka na uso wa mtoto aliyevunja kikombe ugenini.

Bi Vumbi alikaa wima. Alisikia raha ikimpanda kutoka tumboni, raha safi kabisa isiyo na punje ya vumbi.

"Mheshimiwa," Kipaza akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, "asante sana. Nilikuwa nasubiri mtu wa kufanya hivyo, nikawa naona aibu kukuomba."

Watu wakacheka kidogo, kwa wasiwasi.

"Ndugu zangu, mmeona? Utando wetu hautoi umeme peke yake. Unahisi! Umehisi pumzi ya mgeni wetu. Mtu akipumua, unajua. Hewa ikibeba unyevu, unajua. Na sasa naomba msubiri, kwa sababu..." Hapo Bi Vumbi, aliyemjua vizuri, alitambua kwamba hakuwa na lolote baada ya "kwa sababu". Alikuwa ananyoosha maneno kama mtu anayenyoosha unga ili uwatoshe wageni. "Kwa sababu subira, ndugu zangu, ndiyo moyo wa sayansi..."

Taa ya jukwaani ilikuwa kali, na ilikuwa na joto. Mbele ya macho ya watu wote, ukungu wa manjano ukaanza kuingia giza. Weusi ukarudi kutokea pembeni, taratibu, ukakutana katikati. Feni ikatikisika. Ikazunguka.

Ukumbi ukalipuka. Mgeni rasmi akapiga makofi kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeokolewa kuliko wote, kisha akaomba apulizie tena. Nyuma yake Bi Vumbi alimsikia mama akiita jina la Mungu kwa furaha.

Yeye hakupiga makofi. Alikuwa amefungua kinywa. Utando ule alikuwa ameutengeneza kwa mikono yake mwenyewe, aliujua kuliko alivyomjua aliyekuwa mume wake, na hakuwahi kuuona ukirudi.

Alipofika maabara alifunga mlango, akatoa utando mpya, akaupulizia. Ukapauka. Mkono wake wenyewe, bila kutumwa, ukachukua kibanio na kuelekea ndooni. Akauzuia. Akauweka utando chini ya taa na kukaa kwenye stuli, akisubiri kwa hasira, kama unavyomsubiri mtu unayeomba asitokee. Ukarudi kuwa mweusi. Akaupulizia tena, ukapauka, ukarudi. Sababu yake ilimjia mara moja, kwa kuwa hakuwa mjinga: maji ya pumzi yalijipenyeza ndani ya fuwele, zile chembe zilizojipanga kuufanya utando, na kuzibadilisha, lakini hayakuzivunja. Ukiyafukuza mapema kwa joto la taa, fuwele zinajipanga upya. Ukiyaacha yakae, ndipo zinakufa kweli.

Ilikuwa sababu nyepesi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona, kama angeruhusiwa kuuangalia mzoga kwa muda.

Alimfuata Kipaza ofisini kwake. Alimkuta amevua koti, shati limelowa mgongoni lote.

"Ulijua kwamba unarudi?"

"Mimi?" Kipaza akacheka kicheko kipya, kibovu. "Shemeji, nilikuwa nakaribia kuzimia. Nilikuwa nasema ili magoti yasisikike."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilidanganya, ikatokea kweli. Sasa nieleze, imekuwaje?"

Akamweleza. Alipofika kwenye fuwele, aliona macho ya mwenzake yamekwenda dirishani, yanatunga hotuba. Akakatiza maelezo.

"Wewe ni mtupu," akamwambia, polepole, bila hasira. "Nimekuwa nikikutafutia neno tangu umwoe mdogo wangu, na ni hilo. Ukigongwa, unalia kama debe."

Kipaza hakutabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Vumbi kuuona uso ule bila tabasamu, akashangaa kuona kwamba ni uso wa mtu aliyechoka.

"Ulijua utapauka," Kipaza akasema. "Ukanipa."

"Nilikuambia."

"Uliniambia kwa namna ya kutaka nisisikie."

Bi Vumbi akageuka na kutoka, akauvuta mlango kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mkurugenzi hakukawia. Mradi mpya ukaandikwa: kihisi cha pumzi, kifaa kidogo cha kuwekwa mbele ya pua ya mgonjwa kionyeshe anavyopumua. Kiongozi wa mradi, Kipaza. Kazi yenyewe, Bi Vumbi. Aliipokea barua, akaisoma mara moja, akaikunja, akaingiza mikono kwenye glavu. Alifanya kazi ile akiidharau, na aliifanya vizuri, maana hakujua namna nyingine ya kufanya kazi. Alijifunza kupika utando mwembamba zaidi ili maji yaingie na kutoka haraka. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko ya ule utando wa umeme aliouhangaikia ujana wake wote, na hilo lilimuuma kuliko kila kitu.

Kilipokuwa tayari, wakaja watu wa kiwanda cha vifaa vya hospitali, wanawake wawili wenye maswali makavu. Safari hii Bi Vumbi alisimama mwenyewe kueleza. Alikuwa amesema wazi kwamba hamwachii debe. Alieleza kwa usahihi, mstari kwa mstari, huku mmoja wa wale wageni akianza kuangalia simu chini ya meza. Mwingine akauliza: "Kinaishi muda gani?"

"Kinakufa mapema," Bi Vumbi akajibu. "Kila pumzi inakichosha. Baada ya muda kinapauka moja kwa moja, hakirudi. Na kina madini ya risasi ndani, ni sumu, kwa hiyo hakitupwi ovyo."

Mwenye simu akaifunga simu na kuanza kukusanya karatasi zake. Mkurugenzi akamwangalia Bi Vumbi kama mtu aliyeona mlango wa nyumba yake ukifungwa na upepo.

"Hapo ndipo uzuri wake ulipo," Kipaza akasema kutoka mwisho wa meza.

Bi Vumbi akafumba macho.

"Mgonjwa mmoja, kihisi kimoja. Hamtumii sindano moja kwa watu wawili, sivyo? Hiki hivyo hivyo. Kikipauka kabisa, muuguzi anaona kwa macho tu kwamba muda wake umekwisha, hahitaji kupima. Mnakirudisha kwetu kwenye kasha lake, sisi tunaitoa ile risasi, tunawapa kipya. Daktari hapa amewaambia ukweli ambao wengine wangewaficha. Mnataka kufanya kazi na wale wengine?"

Karatasi zikarudi mezani. Hawakununua, lakini walikubali kukijaribu kwenye wodi moja. Wakiwa wanatoka, yule mwenye maswali alimpa mkono Bi Vumbi, akamwambia amependa alivyojibu bila kupaka rangi. Kipaza alisikia, akakonyeza jicho. Bi Vumbi akajifanya hakuona.

Jumapili iliyofuata, kwa mama, ilikuwa sherehe. Mama alimsimulia kila aliyepita mlangoni kwamba mkwe wake ametengeneza kifaa cha wagonjwa. Bi Vumbi alijitenga jikoni kuosha vyombo. Mdogo wake akaingia na kitambaa, akaanza kufuta vile vilivyooshwa.

"Dada, nikuulize kitu. Usinijibu kwa ukali."

"Uliza."

"Anaijua ile kazi?"

Lilikuwa swali ambalo Bi Vumbi alikuwa akilingoja kwa miaka. Alizima bomba. "Hajui chochote," akasema. "Ukimpa kibanio atajichoma jicho. Ile kazi yote ni..."

"Najua," mdogo wake akamkatiza. Hakuwa na uso wa mtu aliyeumizwa. "Nilitaka nione kama utasema kwa furaha. Umesema kwa furaha."

"Umeniuliza, nimekujibu."

"Dada, naishi naye. Unadhani sijui ninaishi na nani? Kabla ya kila hotuba anatapika. Anajifungia bafuni, anafungua maji nisisikie. Ananiambia usimwambie dada." Akaweka sahani juu ya nyingine, polepole. "Unamdharau yeye, sawa, wanaume wapo wa kudharauliwa. Lakini kila ukimdharau unaniangalia mimi, kuona kama nimeanza kujuta. Mimi si mzoga wako."

Bi Vumbi alisimama na povu mikononi. Hilo neno alidhani ni la maabara tu, hakujua kwamba limewahi kufika nyumbani.

"Nani kakuambia habari ya mizoga?"

"Yeye. Huwa anawasimulia wageni habari zako. Wanamaliza wakitamani kukuona." Mdogo wake akakung'uta kitambaa, akakitundika. "Mimi huwa nawaambia wasikutamani sana."

Akatoka. Bi Vumbi akamaliza vyombo peke yake, akafuta sinki, akalifuta tena. Kisha akaenda sebuleni na kukaa pembeni, karibu na mlango. Kipaza alikuwa katikati ya maelezo, mikono hewani, mama amemkodolea macho.

"Sasa mama, ukipumua, ile hewa yako inaingia ndani ya utando na kuupoza, ndiyo maana unabadilika rangi..."

Haikuwa kupoza. Haikuhusiana na kupoza hata kwa mbali. Bi Vumbi alifungua kinywa, akaona mdogo wake anamtazama kutoka ng'ambo ya chumba, akakifunga. Alivumilia sentensi nzima. Akavumilia na nyingine.

"...kama vile unavyopoza uji," Kipaza akasema.

"Ni maji, shemeji," Bi Vumbi akasema. "Siyo ubaridi. Maji."

"Maji," Kipaza akaitikia mara moja, bila aibu, akimgeukia mama. "Mama, ni maji. Unaona? Bila huyu mimi ningewaua wagonjwa wote."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Mdogo wake akacheka pia. Bi Vumbi hakucheka, maana aliona si jambo la kuchekea, ila alilivuta kochi lake mbele kidogo, asije akapitwa na kosa linalofuata.